Kwa nini samaki na chipsi wa Entebbe si ghali kuliko wa Gulu

Swali: Habari za kazi, mzee. Mimi nauza pampu za maji na nazunguka Uganda karibu kila mwezi. Ofisi yetu inataka kupanga upya posho ya chakula kwa kila kanda, na wahasibu wamechagua kipimo: bei ya samaki na chipsi, kwa sababu inapatikana kila mji. Nimekuwa nikiandika bei kwenye daftari tangu Januari. Entebbe ufukweni, sato mzima, mkia na mdomo vilitoka nje ya sahani: 45,000. Jinja, sato mzima, mkubwa kiasi: 30,000. Kampala mjini, kipande cha mnofu hotelini: 35,000, kibandani, kipande chenye miiba: 12,000. Mbarara, vipande viwili vya mnofu, vyote viwili havifiki kiganja changu: 28,000. Kabale, vidole sita vya samaki: 30,000. Gulu, sato mzima, alitosha ndani ya sahani: 25,000. Arua, kipande kinene cha sangara na mfupa wake: 22,000. Wenzangu wa Entebbe wanachekelea, wa Arua wamenuna. Je, kweli Entebbe ni ghali mara mbili ya Arua? Na inakuwaje samaki awe ghali palepale kando ya ziwa?

Jibu: Dada yangu, kwanza tuelewane kuhusu neno. Hapa kwetu posho ni ugali, na wenzako wa Arua wakisikia posho yao inapimwa kwa chipsi wana haki ya kununa. Nitalitumia kwa maana ya hela za safari tu.

Jibu fupi ni hapana. Kwa hesabu yangu, Entebbe na Gulu walikuuzia samaki kwa bei ileile, na sahani iliyokuumiza kuliko zote ni ya Kabale. Jibu refu linaanzia kwenye mkia.

Nilikuwa mnunuzi wa samaki wa majiko ya hoteli kwa miaka mingi, kwanza kwenye mialo ya Ziwa Victoria, yaani pale boti za wavuvi zinapotua, baadaye upande wa Ziwa Albert. Kazi hiyo iliniachia tabia moja inayomkera mke wangu: sahani ikiletwa mezani, kabla sijanawa mikono namwangalia samaki kuanzia mdomo hadi mkia na kumkadiria uzito. Ndiyo maana katika barua yako kilichonisisimua si zile namba. Ni yale maneno uliyoyaandika pembeni: "vilitoka nje ya sahani", "alitosha ndani ya sahani", "havifiki kiganja". Bila hayo nisingeweza kukujibu.

Samaki hakui kama uzi. Anakua urefu, upana na unene kwa pamoja, kwa hiyo urefu ukiongezeka kwa robo tu, uzito unakaribia kuwa mara mbili. Sato, yaani ngege, wa sentimita 28 ana kama gramu 400. Wa sentimita 35 anafika 800 hivi. Mtu mwenye njaa akiwatazama anaona mmoja ni mkubwa kidogo kuliko mwenzake; kwenye menyu wote wawili wameandikwa "sato mzima na chipsi". Mizani inasema mmoja ni wawili.

Sasa tuhesabu. Kutoka kila bei naondoa Shilingi 5,000 za chipsi na kachumbari, ingawa najua hoteli kubwa hutoza zaidi kwa chipsi tupu. Kinachobaki ndicho ulicholipia samaki. Kisha nakadiria nyama iliyoingia mdomoni. Sato mzima ukishamtoa magamba, matumbo, miiba na maji yanayopotelea kwenye mafuta, hubakiwa na kama theluthi ya uzito wake. Mimi huhesabu asilimia 40, kwa sababu sijawahi kumwona mtu wa Kampala akiacha kichwa cha ngege.

Entebbe, basi: samaki wa gramu 800, nyama gramu 320, umelipa 40,000. Hiyo ni Shilingi 12,500 kwa kila gramu 100. Gulu: samaki wa gramu 400, nyama gramu 160, umelipa 20,000. Ni 12,500 vilevile. Wallahi sikuzipanga, zimeangukia hapo zenyewe, na ukinibishia makadirio kwa gramu hamsini huku na huku hatutafika kwenye "mara mbili".

Jinja namkadiria yule "mkubwa kiasi" kuwa na gramu 600. Nyama 240, kwa 25,000, yaani kama 10,400 kwa gramu 100. Arua ulipewa sangara, na kipande kinene cha sangara kina mfupa mmoja wa mgongo tu, kilichobaki ni nyama. Nikikadiria gramu 190 za kuliwa kwa 17,000 napata kama 9,000. Kibanda cha Kampala ulilipia samaki 7,000 kwa kipande kizima, lakini hicho nitakirudia kwa sababu kina siri yake.

Halafu angalia wanaouza mnofu. Mbarara, vipande viwili visivyofika kiganja ni kama gramu 150. Umelipa 23,000 kwa gramu 150, zaidi ya 15,000 kwa kila mia. Hoteli ya Kampala mjini, tukiwapa gramu 170, ni zaidi ya 17,000. Na Kabale! Vidole sita vya samaki vina uzito wa gramu 180 hivi, lakini unga wa mkate na mafuta vimechukua karibu gramu 70 za hizo. Samaki mwenyewe ni kama 110. Ulilipa 25,000. Gawanya: karibu Shilingi 23,000 kwa gramu 100. Umenunua mkate wa kukaanga kwa bei ya sangara.

Ukizipanga upya, foleni imepinduka. Entebbe, iliyokuwa juu kabisa kwenye daftari lako, imeshuka hadi katikati. Kabale, iliyokuwa pamoja na Jinja kwenye 30,000, sasa ni zaidi ya mara mbili ya Jinja. Wahasibu wenu walikuwa wanalinganisha ukubwa wa samaki bila kujua.

Swali lako la pili ndilo ninalolipenda zaidi. Watu hudhani bei ya samaki hupanda kadiri unavyoliacha ziwa nyuma, kama joto linavyopungua ukiondoka jikoni. Ingekuwa hivyo kama kwenye mwalo kungekuwa na mteja mmoja. Nenda Gaba, Kasenyi au Katosi alfajiri uone boti inapoingia. Anayesubiri si mama wa kibanda peke yake. Kuna gari la kiwanda lenye barafu, linalotaka sangara wa minofu ya kupeleka Ulaya. Kuna mnunuzi wa mabondo, kile kibofu cha hewa ndani ya sangara, ambacho safari yake huishia China na kilo yake kavu inauzwa kwa hela ambayo kilo ya nyama haiwezi hata kuiota. Kuna wachuuzi wa masoko ya Kampala. Kuna wanaokausha na kutia chumvi kwa ajili ya Congo na Sudan Kusini. Mama wa kibanda amesimama hatua kumi kutoka majini, na anashindana na hao wote. Ukaribu umempunguzia nauli na barafu. Ushindani uko palepale.

Na nauli yenyewe ni kitu kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Kutoka mwalo wa Victoria hadi Gulu ni zaidi ya kilomita 330, lakini gari likibeba tani kadhaa, gharama ya mafuta na dereva ikigawanywa kwa samaki mmoja mmoja haizidi sana bei ya soda. Kinachomfanya samaki wa mbali kuwa ghali ni hasara: barafu iliyoyeyuka, gari lililoharibika, sanduku zima linaloharibika kwa sababu lilikaa juani nusu siku. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari ya kaskazini yalilazimika kuzunguka, na kwa muuza samaki kila saa ya kuzunguka ni barafu nyingine ya kununua.

Ukitaka ushahidi kwamba ni wanunuzi wanaopanga bei na siyo umbali, nitakupa mwaka: 1999. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba watu walikuwa wanavua kwa sumu. Viwanda vikakosa pa kupeleka minofu, magari ya barafu yakasimama, na bei ya sangara kwenye mialo ikaporomoka. Ziwa halikusogea hata hatua moja. Alichokosa mvuvi ni mteja tajiri. Alipofunguliwa tena mlango, bei ikapanda, na yule mama wa kibanda akarudi kwenye vile vipande vya mwisho.

Hapo ndipo siri ya kibanda cha Kampala ilipo. Kiwanda kikishachukua minofu, kinabaki kichwa, mgongo na mkia, vyenye nyama bado. Wengi wanaviita mgongo wazi. Vinauzwa, vinakaangwa, na ni chakula kizuri kabisa, nimevila maisha yangu yote. Lakini sahani ya 12,000 inawezekana kwa sababu hoteli ya pale juu ilishalipia minofu ya samaki yuleyule. Vibanda vingine hukaanga kambale au kamongo, na menyu ikisema "samaki" tu bila jina, uliza. Sato, sangara, kambale na kamongo hawauzwi kwa bei moja sokoni, basi kwa nini wapimwe kwa kipimo kimoja na wahasibu?

Jambo jingine limebadilisha sahani za bei rahisi. Mwaka 2017 kikosi cha jeshi kilianza kusimamia uvuvi ziwani, na sangara aliye chini ya sentimita 50 ni haramu kuvuliwa. Wavuvi wamekuwa na malalamiko mengi juu ya namna kazi hiyo ilivyofanywa, na hayo yanastahili barua yake. Kwa upande wa jiko, maana yake ni kwamba ule utaratibu wa zamani wa kujaza sahani kwa samaki wachanga watatu umekuwa mgumu. Sahani ya bei ya chini ilikuwa inalipwa na ziwa.

Turudi Entebbe, nisije nikawasafisha kupita kiasi. Kuna kitu ulilipia pale ambacho hakikuwa samaki, nacho ni kiti. Jumapili jioni, familia nzima imetoka Kampala, umbali wa kilomita 40 tu, jua linazama, muziki unapigwa, na meza moja inakaliwa saa tatu. Mwenye mgahawa anahesabu meza, hahesabu samaki. Ndiyo maana hawaletei mtu sato mdogo: samaki mdogo angekalia meza muda uleule na kulipa nusu. Wanakuonyesha samaki kwenye sinia, unachagua, bei inasemwa hapohapo kulingana na ukubwa na, tuseme ukweli, kulingana na viatu vyako. Nenda palepale Jumanne mchana uone. Na ukifika siku za Kwaresima, hasa Ijumaa, Wakatoliki wote wa nchi hii wanataka samaki siku moja. Bei za siku hiyo usiziandike kwenye daftari kabisa. Uliza pia kama bei ya menyu imejumuisha VAT. Ni asilimia 18, na hoteli nyingine huiongeza chini ya risiti ukiwa umeshashiba, wakati kibanda hakina habari nayo.

Sasa chipsi. Umeniandikia kwamba mhasibu wenu mmoja, kijana wa Kigezi, yaani kanda ya Kabale, anadai Kabale lazima iwe rahisi kwa sababu viazi vinatoka huko. Namheshimu kwa kupenda kwao, lakini hesabu haimsaidii. Ni kweli kwamba chipsi nyingi za Kampala zimeanzia kwenye miteremko ya Kabale na Kisoro, na nyingine Kapchorwa kwenye Mlima Elgon. Lakini tazama sahani. Kilo moja ya viazi ukiimenya unapoteza kama gramu 200 za maganda na macho. Zile 800 zikiingia kwenye mafuta, maji yanatoka, na unabaki na chipsi za gramu 450 hivi. Kwa sahani ya gramu 250 unahitaji viazi vibichi vya zaidi kidogo ya nusu kilo. Tuseme basi kilo ya viazi Gulu imeizidi Kabale kwa Shilingi 1,000 nzima. Tofauti kwenye sahani yako ni kama Shilingi 550. Mia tano na hamsini, dada! Kwenye sahani ya 30,000 huwezi hata kuiona. Chipsi zikiwa peke yake, zile za 4,000 kwenye mfuko pale stendi, hapo bei ya viazi inauma. Zikikaa karibu na samaki, zinapotea kwenye kivuli chake.

Kinachobadilika na msimu ni ubora, na mafuta yanayonywewa. Kiazi kilichovunwa mvua ikinyesha, kabla hakijakomaa, kimejaa maji. Kinakaa muda mrefu zaidi kwenye karai, kinanywa mafuta, kinatoka kimelegea kama kitambaa cha kufutia meza. Wakaangaji wazuri huchagua aina yenye unga mwingi. Ukienda Kabale sokoni utasikia majina kama Rwangume, Kinigi na Victoria, na mkaangaji anayejua kazi atakukatalia moja na kukusifia nyingine kwa dakika kumi bila kupumua. Mafuta nayo yana historia yake. Mwaka 2022, Indonesia ilipozuia kwa muda mafuta ya mawese kwenda nje, tuliiona bei ya mafuta ya kupikia ikipaa hadi hapa kwetu, licha ya mashamba ya michikichi ya Kalangala na alizeti ya Lira. Wengine hawakupandisha bei kwenye menyu mwaka ule. Mafuta yalikaa kwenye karai siku nyingi zaidi. Ulimi wako ulilijua hilo kabla ya mfuko wako.

Kuhusu kanda zenyewe, nitakuambia ninavyoziona, na nitazipita haraka zile zisizo na mengi.

Kwa mtu anayependa mlo huu, ningemtuma mashariki. Mbale ina viazi vya Elgon juu ya kichwa chake, na samaki wa Ziwa Kyoga na wa Victoria wote wanafika bila safari ndefu. Jinja ina sato wa vizimba wanaofugwa karibu na mji, na hilo lina faida moja ambayo watu hawaitaji: sato wa kizimba huvunwa kwa ukubwa unaofanana, kwa hiyo mgahawa unajua kesho utauza samaki wa uzito gani. Pengine ndiyo maana Jinja ilikutendea haki.

West Nile, yaani kanda ya Arua, wanakula vizuri kuliko Kampala inavyodhani. Sangara wa Ziwa Albert ni mwenyeji. Yuko pale tangu zamani, wakati yule wa Victoria aliletwa katika karne iliyopita. Kutoka Panyimur na Wanseko samaki hupanda kuelekea Arua, na viazi viko kwenye nyanda za juu za Nebbi na Zombo. Tatizo ni kwamba upande wa pili wa mpaka kuna Wakongo wenye njaa na hela, na samaki hajui mpaka. Ukipita Pakwach acha chipsi kabisa, omba samaki anayeitwa angara na ugali wa mhogo. Huo ndio mlo wa kule, na kuagiza chipsi ni kumlazimisha mpishi aagize viazi kwa ajili yako.

Mbarara na Kabale tatizo lao ni moja: mzunguko. Ankole ni nchi ya ng'ombe, na wafugaji wa zamani samaki hawakumweka mdomoni. Leo wanakula, lakini mgahawa unaouza sahani tano za samaki kwa siku hauthubutu kununua sanduku la sato wabichi, nusu wataoza. Kwa hiyo unanunua minofu iliyogandishwa, iliyokatwa kwa uzito, inayokaa kwenye friji wiki mbili bila kulalamika, na umeme wa friji hiyo umo ndani ya bei yako. Vidole vya samaki ni hatua ya mwisho ya mantiki hiyo: samaki kidogo, unga mwingi, hasara hakuna. Simlaumu mpishi. Nawalaumu wahasibu wanaotaka samaki wa ziwa la mbali mlimani Kabale, halafu wanashangaa.

Karamoja: kula mbuzi.

Sasa kuhusu kipimo chenyewe. Wazo la kupima miji kwa chakula kimoja si la kijinga. Gazeti la The Economist limekuwa likifanya hivyo tangu 1986 kwa hambaga ya Big Mac, kulinganisha thamani ya fedha za nchi mbalimbali, na linafaa kwa sababu hambaga hiyo hutengenezwa kwa namna moja karibu kila mahali. Samaki na chipsi hata Uingereza kwao hawako hivyo: kaskazini wengi wanataka haddock, kusini wanataka cod, na kuna wanaokaangia mafuta ya ng'ombe na wanaokataa kabisa. Huku kwetu ndiyo usiseme. Wenye haki ya kulalamika ni wenzako wanaolala Mbarara na Kabale, ambao wahasibu wamewaweka kundi moja na Jinja.

Kama mimi ndiye ningeandika ile karatasi ya posho, asubuhi ningepima kwa rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Cheka, lakini fikiria: mayai yanahesabika. Ukiagiza chapati moja na mayai mawili, Arua ni mawili na Kabale ni mawili, hakuna mkia wa kutoka nje ya sahani. Ngano inatoka viwandani kwa bei inayojulikana, makaa yanaonekana, na mpishi yuko barabarani, kwa hiyo kiti hakimo kwenye bei. Ukiona rolex imepanda Gulu baada ya Mei 2023, serikali ilipopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini, utajua ni makaa yaliyopanda, si ujanja wa muuzaji. Mchana ningepima kwa kile wenyeji wanachokula kwa wingi, hata kama kinatofautiana: matoke na karanga Buganda, atapa, yaani ugali wao, Teso, na malakwang, mboga yao ya majani, Acholi. Chakula chenye wateja wengi huwa na bei ya kweli, kwa sababu hakuna anayeweza kukipandisha bila majirani kuhama meza.

Wahasibu waking'ang'ania samaki, basi waandike kwa ukamilifu: "sato mzima wa sentimita 30, chipsi za kawaida, siku ya kazi, mahali wanapokula wenyeji." Sentimita 30 ni urefu wa rula ya mwanafunzi. Nunua moja ya mbao, itie kwenye mkoba wako wa sampuli. Wahudumu watakutazama vibaya siku ya kwanza, siku ya pili watakuletea samaki mkubwa zaidi, kwa sababu wamejua unapima.

Na ukirudi Kabale, vidole usiviguse. Nenda hadi Ziwa Bunyonyi uulize kamba wa ziwani na chipsi. Kamba wale wekundu si wa asili pale, lakini wameenea na wapishi wa kando ya ziwa wanawajua vizuri, na viazi vimetoka kwenye mteremko unaouona mbele yako. Pima nyama baada ya kuondoa maganda, siyo kabla, halafu niandikie ulilipa ngapi. Hiyo ni sahani ambayo nami sijaifanyia hesabu bado.